Babu Alipogonga Mwanzi

Mpaka leo mtu akigonga mwanzi kwenye jiwe, mimi nasimama. Juzi nilikuwa nimekaa uani hapa kwangu Makandana namenya viazi, na fundi aliyekuja kutengeneza banda la ng'ombe akachukua mwanzi mmoja akaugonga kwenye msingi, kuusikiliza kama umekauka. Ko, ko. Nikajikuta niko wima, beseni limepinduka, viazi vinabiringika kuelekea mtaroni, na mkono wangu umeshavuta kanga kichwani. Fundi akauliza, "Vipi mama, umeumwa na nini?" Nikamwambia siafu. Ningemweleza nini yule kijana wa watu, na malipo yake anataka mapema?

Zamani zile aliyekuwa akisimama ni mama. Mimi nilikuwa nasimama kwa sababu yeye amesimama. Lakini mwili ukishazoea jambo utotoni hauulizi tena lilikuwa la nani.

Ninyi wenzangu wa rika langu mnajua jinsi ugonjwa ule ulivyokuwa hautajwi jina. Kwetu Rungwe uliitwa "ule" tu. Fulani ana ule. Usichote maji baada ya fulani, ana ule. Nyumba tuliyokaa mimi na mama ilikuwa ya watu wenye ule ambao hawakuwa na pa kwenda. Waliijenga akina mama wa kanisa, juu kidogo ya hospitali, ukipandisha kwenye miti ya milingoti: vyumba vimepangana mstari mmoja kama nyumba za walimu, baraza ndefu mbele, jiko la kuni nyuma, na chini kabisa kijito chenye mianzi. Haikuwa hospitali. Ulipewa kitanda, blanketi, chakula, na mtu wa kuhakikisha umemeza dawa zako, mpaka upate nguvu au mpaka ndugu zako wapate akili. Watu wa mjini waliiita Kwa Wagonjwa. Sisi tuliiita nyumbani, ingawa hilo lilichukua muda.

Mtu wa kuhakikisha umemeza dawa alikuwa Nesi Zaituni. Alitoka Tanga, akapangiwa kazi Tukuyu, na hakuwahi kuisamehe baridi yetu. Alivaa sweta mbili, na juu yake koti la unesi lililobana mpaka vifungo vikalalamika. Kila asubuhi baada ya uji aliwakusanya wote barazani, kwenye benchi refu, akapita na jagi la maji. Dawa zilimezwa pale pale, mbele ya macho yake, wote pamoja. Alikuwa na sababu. Kabla hajaja, watu walikuwa wakienda kuvizika vidonge kwenye migomba. "Mimi sitaki kutibu migomba," alisema. "Migomba yenu mizima. Nataka kuona koo lako likishuka."

Tulikuwa tumefika pale kwenye mvua ya Tukuyu, ile isiyo na haraka, inayoanza Jumapili na kuendelea kana kwamba ina mkataba. Baba alikuwa amefariki kule Ikuti. Matanga yalipokwisha, baba mdogo alilitoa godoro letu nje, akaliegemeza kwenye mparachichi. Alisema mama ndiye aliyemletea kaka yake ule, na kwamba aende kwao. Mama alisimama uani muda mrefu, nadhani akisubiri mtu aseme vinginevyo. Hakuna aliyesema. Babu, baba yake baba, alikuwa ndani ya nyumba yake kule juu ya boma, na sauti yake hatukuisikia. Kwao mama, Matwebe, wazazi walishafariki, na kaka yake alitupa ndizi za njiani akafunga mlango. Nakumbuka harufu ya godoro lile lilipolowa, harufu ya pamba na moshi na baba.

Mama alipata nafuu kidogo pale kwenye nyumba. Alianza kupika, na mbalaga yake, ndizi zilizopikwa na maharage mpaka zikalainika, iliwafanya hata waliokuwa wamegoma kula wavute sahani. Kisha akafariki kijana mmoja wa chumba cha mwisho, Lugano, aliyekuwa akinitengenezea magari ya mabua. Ndugu zake walipelekewa habari, hawakuja. Akina mama wa kanisa walimzika kwenye makaburi ya mjini, wakaimba wimbo wote mpaka mwisho kwenye manyunyu, wao na sisi tu. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, kwenye migomba yake, na watu wanajaa mpaka wanakanyaga mboga. Sikuwa nimewahi kuona kaburi lisilo na mgomba karibu.

Mama aliporudi alikaa kitandani na viatu vyenye tope, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

"Atupele," aliniambia, "mimi nisilale kule. Mimi ni mke wa mtu. Nataka nilale Ikuti, kando ya baba yako."

Nikamwambia asife basi.

"Sijasema nakufa. Nasema pa kulala. Mtoto ambaye mama yake kazikwa bomani, hakuna wa kumwambia atoke. Ukiwa na kaburi la mama yako pale, utasema hapa ni kwetu, na watanyamaza."

Hilo ndilo alilolitaka, hakuna jingine. Na mimi nililikariri kama watoto wanavyokariri njia ya dukani, bila kujua litanifikisha wapi.

Wiki chache baadaye babu akaletwa. Aliletwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mhudumu mmoja wa kanisa, amefungwa lubega lake jeusi begani, amekonda hata masikio yanaonekana makubwa. Yeye pia alikuwa na ule. Bibi alishafariki zamani, na baba mdogo na mkewe walipojua majibu yake walimtengea kikombe, kisha sahani, kisha wakamtengea kibanda cha mbuzi. Mhudumu alimkuta humo. Mimi nilipomwona nilikimbia kumpokea, kwa sababu babu alikuwa babu, mwenye kunichomea ndizi kwenye majivu. "Habali yako, mwisukulu," akaniambia, yaani mjukuu, na akacheka kwa shida.

Nyuma yangu nikasikia sufuria ikianguka. Nilipogeuka, mama hakuwepo. Kitenge chake kilikuwa kikimalizikia nyuma ya kona ya jiko.

Kuanzia siku hiyo mama hakuonekana barazani. Asubuhi Nesi Zaituni aliita majina, mama hakutoka. Alimfuata chumbani, akamkuta amekaa gizani na kanga usoni. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Dawa za mama zilibaki kwenye kopo. Nesi hakuelewa, na asichokielewa alikikaripia.

"Mama Atu, wewe ndiye nilikuwa nakutolea mfano hapa. Leo unagomea dawa? Kwa ajili ya nini?"

Babu alikuwa benchi la nje, umbali wa ukuta, na mama hangeweza kutoa sauti akasikika.

"Haya. Kitanda hiki kina watu wanakingoja. Asiyetaka dawa sina kazi naye, wallahi."

Nilikuwa na akili zangu za mtoto na nikazitumia zote: kule Ikuti babu alinyamaza mpaka tukaondolewa. Sasa ametufuata mpaka huku, amekaa mlangoni, ili mama asipate dawa, ili tuondolewe tena. Mbona ilikuwa wazi? Alipokuja yeye, mama alikimbia. Alipokaa yeye, mama alijificha. Kule Ikuti boma lilikuwa kubwa, mama alikuwa na njia zake nyuma ya migomba na babu ana zake. Sikuwahi kuona wakikutana, kwa hiyo sikuwahi kuona wakikwepana. Nilimchukia babu siku ile, chuki nzima nzima. Aliponipa ndizi ya kuchoma niliila, lakini kwa hasira.

Aliyemweleza nesi ni Bibi Sekela, mama mzee wa chumba cha jirani, mwenye ulimi usiojua adabu. "Wewe nesi, unampigia kelele bule tu. Yule mzee ni mkwe wake."

"Mkwe ndio nini? Kwetu mkwe nampakulia pilau akashiba akaniombea dua."

"Huko kwenu. Hapa mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtasami, hamsemeshi, anapokaa hakai. Akikutana naye njiani, anaiacha njia. Mpaka kufa."

"Wamegombana?"

Bibi Sekela akacheka mpaka akakohoa. "Wamegombana! Anamheshimu, we mtoto wa pwani. Anamheshimu sana, fijo!"

Siku hizi tumelegeza. Nawaona watoto wenu kwenye picha za harusi wameegemeana na wakwe zao, na wala siwalaumu. Lakini mama alikuwa mtu wa zamani aliyechelewa kuzaliwa, na kwake kukaa benchi moja na baba wa mumewe na kufungua kinywa mbele yake, ameze vidonge koo likishuka, kulikuwa ni kuvua nguo. Afadhali akose dawa. Nesi Zaituni alisimama akipandisha na kushusha zipu ya sweta. Mchana ule alipiga misumari miwili barazani akatundika mkeka katikati ya benchi, upande huu wanaume, upande ule wanawake. Kwa mara ya kwanza hakusema kitu kuhusu baridi.

Mkeka ulisaidia benchi. Haukusaidia kisima, wala jiko, wala njia ya choo, ambayo ilikuwa moja. Ndipo babu, ambaye alikuwa amesikia maneno yote kupitia ukutani, akashuka peke yake hadi kijitoni, akipumzika kila hatua chache, akarudi na fimbo ya mwanzi. Aliikata ncha, akailainisha kwa kipande cha chupa. Mimi nilimtazama kwa mbali, maana nilijua fimbo ni ya kazi gani.

Kesho yake kabla ya kutoka chumbani aliigonga kwenye jiwe la kizingiti. Ko, ko. Mama, aliyekuwa akichota maji, akaweka ndoo chini, akavuta kanga, akapotelea nyuma ya jiko. Babu akatoka, akapita. Jioni, ko, ko, na mama akaacha moto. Ikawa ndiyo saa ya nyumba ile. Kila mlio, mama aliinuka, na kila alipoinuka nilimwona anashika ukuta kwanza, kwa sababu nguvu zilikuwa zinampungua tena. Hizo siku alizokosa dawa hazikuwa nyingi, lakini kabla ya hapo kulikuwa na miezi ya kufichaficha kule Ikuti, na nesi alisema dawa zimemkuta mbali. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Ni ile fimbo.

Nikaamua kumkabili. Alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na mianzi, akiota kajua kadogo ambako Tukuyu inakutolea kwa nadra, anatafuna ndizi kwa fizi.

"Babu, kwa nini unamfukuza mama?"

Akaacha kutafuna. "Nani anamfukusa?"

"Wewe. Ukigonga fimbo, anakimbia. Kule Ikuti mlitufukuza, na huku umetufuata."

"Kule Ikuti." Aliiweka ndizi juu ya jani. "Mwisukulu, kule Ikuti mama yako aliomba mwenyewe kulejea kwao Matwebe. Mimi nililetewa maneno hayo. Nikasema, bado kijana, aende."

"Mama hakuomba. Baba mdogo alitoa godoro nje. Mvua ikalinyeshea."

"Godolo," alisema babu.

"Mama alisimama uani akakungoja."

Kidevu cha babu kilikuwa kikitetemeka, na mimi nilidhani ni baridi.

"Kwa nini hukumuuliza?" nikamwambia.

"Nimuulise mimi? Kwa mdomo upi? Mimi tangu aolewe sijapata kumwona uso huyo mtoto. Nasikia tu miguu yake." Akainua fimbo akanionyesha, kana kwamba ninaiona mara ya kwanza. "Mdomo wangu ni huu. Nikigonga namwambia, ni mimi, nataka kupita, jitengenese taltibu, usikimbie, nangoja. Heshima ya mkwe ndiyo hii tu niliyobaki nayo."

Sikumwamini. Mtu mzima anaweza kusema lolote. Lakini mchana ule mvua ilishuka ghafla, na mama alikuwa kwenye njia ya choo, anajikongoja. Nikasikia ko, ko kutoka upande wa kijito. Nikachungulia. Babu alikuwa amesimama kwenye mvua, mgongo kwetu, uso umeelekea mianzi, lubega limegandamana na mifupa. Mama alitembea pole pole, akasimama, akashika mgomba, akatembea tena. Babu hakugeuka. Maji yalimtiririka kisogoni mpaka mama alipoingia chumbani na mlango ukalia, ndipo akagonga tena mara moja na kuanza kupanda. Nilimwangalia mzee wa watu akipita amelowa chapa, na chuki yangu ikanishinda kuibeba.

Baada ya hapo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Jioni babu alikaa kwenye kigoda upande mmoja wa mkeka, mama upande wa pili, na mimi mwishoni mwa mkeka nikiwaona wote.

"Mwambie babu yako uji una moto."

"Babu, uji una moto."

"Mwambie mama yako nimesikia. Mwambie ndisi sa jana silikuwa laini, mzee asiye na meno anashukulu."

"Mama, babu anasema..."

Kila mmoja alikuwa akisikia maneno ya mwenzake vizuri kabisa, umbali wa mkeka tu, lakini hakuna aliyejibu mpaka mimi niyarudie. Nilidhani dawa zimewaziba masikio. Nilikuwa nikiyarudia kwa kelele, jengo zima likisikia, na Bibi Sekela alikuwa akicheka peke yake chumbani kwake. Sijui kama nimewahi tena kuwa na kazi niliyoipenda vile. Niliwaona wote wawili wakitabasamu, na kila mmoja alikuwa hajui kwamba mwenzake anatabasamu. Hilo nililijua mimi tu.

Kisha mama akaacha kutoka nje. Kifua kilikuwa kimembana, na hospitali walimlaza wakamrudisha. Alilala mlango ukiwa wazi apate hewa, na nesi aliuhamishia mkeka pale mlangoni. Mchana mmoja babu akagonga, akangoja, ingawa mama hakuwa tena na uwezo wa kupisha, akakaa upande wa nje. Mama akafungua macho.

"Atupele. Mwambie babu yako."

Nikasogea.

"Mwambie nikifa nisipelekwe makaburi ya mjini. Mwambie naomba kulala kwa mume wangu. Ili wewe uwe na kwenu."

Maneno yote ya uji na ndizi nilikuwa nimeyabeba bila taabu, haya yalinishinda. Nikaanza kulia. Babu nje ya mkeka alikuwa amesikia, nilijua amesikia, mama alijua, lakini maneno yalikuwa bado hayajafika kwake, na asingeweza kuyajibu. Tulikaa hivyo watatu. Mwishowe nikamsikia akisema, pole pole mno, "Mwisukulu. Mama yako anasemaje?"

"Anasema akifa," nikasema, "asizikwe makaburi ya mjini. Azikwe kwa baba. Ili mimi niwe na kwetu."

"Mwambie nimesikia."

Akaondoka. Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu, na fimbo haikuwepo. Nesi Zaituni alifoka mpaka akaona kopo la dawa la babu nalo halipo, akatulia kidogo. Mama aliniuliza, "Alisema amesikia tu? Hakusema ndiyo?" Nikamwambia hakusema. Aligeukia ukuta. Siku zile alikuwa akitega sikio kila kitu kikigonga nje, kuni, ndoo, mlango wa jirani, na kila mara mkono wake ulikwenda kwenye kanga. Nilikuwa na hofu kubwa kuliko nilivyowahi kuwa nayo, hofu ya kwamba babu amekwenda kukaa upande wa waliotoa godoro letu nje.

Alirudi ndizi zikiwa jikoni. Ko, ko. Mama alitabasamu kabla hajajifunika. Babu alisimama nje akatupa mgongo mlangoni, matope mpaka magotini, na nyuma yake baba mdogo ameshika baiskeli yenye mkungu wa ndizi, anaangalia viatu vyake.

"Mwisukulu, mwambie mama yako natoka Ikuti. Mwambie mahali nimepaona. Ni kando ya mume wake, upande wa shamba la chai, jua la asubuhi linafika. Nimepapima mwenyewe kwa fimbo hii. Mwambie hakuna wa kusema neno."

Niliyarudia yote, sikuacha hata jua la asubuhi. Baadaye nilikuja kusikia alichomwambia baba mdogo mbele ya majirani: kwamba kama huyu mwanamke hana nafasi kwenye migomba ile, basi na yeye hana, atabaki kwa nesi mpaka mwisho, na wale akina mama wa kanisa ndio watakaomzika mjini, na baba mdogo abaki na boma lisilo na kaburi la baba yake aone kama patakalika. Kwetu mzee akikutamkia hivyo, hata usingizi unakuhama.

"Mwambie babu yako ndaga," mama alisema. "Ndaga fijo, tata." Asante sana, baba. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Ilikuwa kazi yangu kuyafikisha, lakini babu alikuwa ameshainamisha kichwa kwenye fimbo, na ni mara hiyo peke yake niliyoona amepokea maneno kabla sijayarudia.

Mama alifariki asubuhi moja wakati wa uji. Nesi Zaituni alimfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwani, akavaa sweta zake zote na kupanda naye gari la mbao hadi Ikuti, akilia kwa sauti ya kwao. Watu walijaa mpaka wakakanyaga mboga. Jeneza lilipofunguliwa kwa ajili ya kuaga, babu alikaa ndani na uso ukutani, hakutoka. Lilipokwisha kushushwa na watu wakaanza kurusha udongo, tukasikia kutoka kwenye migomba, kwa mbali, ko, ko.

Wenye majembe wakasimama. Kila mtu, aliyemzidi babu umri na aliyekuwa mdogo kwake, alielewa. Babu alisimama kule kwenye migomba akingoja. Alingoja kwa muda ule ule aliokuwa akingoja kule kwenye nyumba, muda wa mtu kuweka ndoo chini, kuvuta kanga na kufika nyuma ya jiko, na juu yake aliongeza ule wa mgonjwa anayeshika ukuta. Kisha ndipo akaja, akachukua udongo, akautia kaburini. Nililia pale kuliko nilivyolia asubuhi mama alipokata roho.

Hakurudi tena kwa nesi. Alibaki Ikuti na mimi, dawa zake akizifuata kwenye zahanati, na mimi nikilisimamia koo lake lishuke. Jioni moja karibu na moto aliniinua kidevu kwa kidole.

"Watu wanasema umechukua sula ya mama yako."

"Ndiyo, babu. Wote wanasema."

Alinitazama muda mrefu, kwanza macho, kisha mdomo, kisha akarudi kwenye macho. "Basi alikuwa msuli wa sula," alisema, na kutoka hapo akawa kila jioni ananiita kwanza nikae pale mwanga wa moto unapofika.

Aliishi miaka mingi zaidi ya walivyotegemea wale waliomtengea kikombe. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mwanamke mwenye nyumba yake wakati alipolala mara ya mwisho. Tulikaa kando yake, baba mdogo na mimi na wazee wa boma, na baba mdogo, ambaye uzee ulikuwa umemlainisha, alimwambia asiwe na wasiwasi, nafasi ipo nzuri, karibu na mwanawe na mkwewe, upande wa chai.

Babu akatikisa kichwa. Fimbo ilikuwa kitandani naye, imekuwa nyeusi na laini pale mkono unaposhika.

"Hapana," akasema. "Mniweke ng'ambo ya migomba ile, kule chini, peke yangu. Pale msinilete. Yule mama amenipisha vya kutosha."

Tukamweka kule chini.